Ngome, milango na walinzi wa mtandao

Nehemia alipokwisha kujenga ukuta wa Yerusalemu, hakuishia hapo. Katika sura ya 7 ya kitabu chake tunasoma kwamba aliweka mabawabu, akaagiza malango yafunguliwe saa gani, akawapanga wenyeji kulinda kwa zamu. Ukuta usio na lango hauwafai wakaaji, na lango lisilo na bawabu ni hatari kwao.

Ofisi, hospitali na shule nyingi za makanisa yetu hapa Goma zina mtandao wa kompyuta. Tunawaandikia ndugu na dada wanaoutunza.

Maana ya maneno

Ngome ya mtandao ni programu au kifaa kinachochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka. Mlango ni namba inayoonyesha mawasiliano yanakwenda kwa huduma gani ndani ya mashine. Programu ya ufuatiliaji, kama Zabbix au Nagios, huziuliza mashine kila mara kama ni nzima. Ngome ikizuia swali au jibu, programu hutangaza kwamba mashine imekufa, kumbe inafanya kazi. Ikizuia ujumbe wa hatari, msimamizi husikia kimya na kudhani ni amani.

Sisi wa Goma tunajua hatari ya kimya cha namna hiyo. Ufadhili mmoja ulipokwisha mwaka 2020, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea habari kutoka vyombo vyake vya mbali. Mawasiliano yalirudi muda mfupi kabla Nyiragongo haijalipuka tarehe 22 Mei 2021. Hatusemi kwamba intaneti ingezuia msiba ule, kwa maana mlima wenyewe ulitoa ishara chache sana. Ila tunajifunza kwamba chombo kizuri hakisaidii ikiwa njia ya habari zake imekatika.

Milango inayohitajika

- Pingi (ICMP): haina namba ya mlango, inaruhusiwa kwa kanuni yake yenyewe.
- SNMP, UDP 161: seva ya ufuatiliaji inauliza ruta, swichi au printa.
- SNMP, UDP 162: kifaa chenyewe kinaipelekea seva habari ya hatari.
- Zabbix, TCP 10050: seva inauliza mashine. TCP 10051: mashine inapeleka habari kwa seva.
- Nagios kwa njia ya NRPE, TCP 5666.
- Syslog, UDP 514: vifaa vinapeleka kumbukumbu za matukio.

Hizi ni namba za kawaida. Msimamizi anaweza kuzibadilisha. Fungua zile tu unazotumia.

Namna ya kufanya

Kwanza, andika orodha ya vifaa na anwani zake za IP. Ipe seva ya ufuatiliaji anwani isiyobadilika.

Pili, katika kila kanuni taja nani anaanza mazungumzo. Mlango 161 wa ruta ufunguliwe kwa anwani ya seva peke yake, si kwa kila mtu. Mlango 162 ufunguliwe upande wa seva, kwa vifaa vyako tu.

Tatu, usiifungue milango hii kwa intaneti nzima. Ikiwa ofisi ya Goma inafuatilia kituo cha Butembo au Bukavu, tumia VPN. Chagua SNMP toleo la 3, lenye nywila na usimbaji. Matoleo ya 1 na 2c hupeleka neno la siri wazi, na vifaa vingi hutoka kiwandani na neno «public».

Nne, jaribu ukiwa kwenye seva yenyewe. Kumbuka kwamba UDP ikizuiwa, mara nyingi hupati jibu lolote, hata la kukataliwa. Kisha chomoa waya wa kifaa kimoja kwa makusudi, uone kama tangazo linafika.

Tano, andika kila kanuni na sababu yake, na watu wawili wajue daftari liko wapi. Mtunzaji mmoja akihama au akikimbia vita, hospitali isibaki na ngome ambayo hakuna anayejua kuifungua.

Nehemia hakulinda malango peke yake. Nasi tugawane zamu.