Kuvimba kwa Seli za Moyo na Hatima ya Ishara ya Kalsiamu

Mshipa unaolisha moyo unapoziba, seli za misuli huendelea kuvunja sukari bila oksijeni, na laktati na fosfeti hurundikana ndani yake. Damu ikirejea, majimaji ya nje husafishika kabla ya yale ya ndani. Maji huingia kwa osmosisi na seli huvimba. Wepesi wa kusema kwamba seli hiyo hujikaza kwa unyonge kwa sababu maji yameizimua kalsiamu unapotosha. Mkolezo wa kalsiamu huru katika seli iliyotulia, ambao ni takriban mara 10,000 chini ya ule wa nje, hulindwa na pampu na vibadilishaji vya utando; ukizimuliwa, hurekebishwa. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni sodiamu. Ujazo ukiongezeka kwa asilimia 20, sodiamu ya ndani hushuka hadi asilimia 83 hivi ya ilivyokuwa, na kwa kuwa kibadilishaji cha sodiamu na kalsiamu huingiza ioni 3 za sodiamu ili kutoa 1 ya kalsiamu, athari yake huenda kwa kipeo cha tatu: 0.833 huwa takriban 0.58. Kalsiamu hutolewa kwa wepesi zaidi, na ghala la retikulamu ya sarkoplazimu hupungukiwa. (Hesabu hii ni ya uvimbe peke yake; moyo uliokosa damu huwa tayari umejaa sodiamu.)

Atakayepinga ana hoja nzito: nyuzi za misuli zilizovuliwa utando huvuta kwa nguvu zaidi ioni zinapopungua katika mmumunyo, hivyo seli iliyovimba ingepaswa kuimarika. Lakini nyuzi hizo hupewa kalsiamu na mtafiti. Ndani ya seli nzima, nyuzi hungoja kalsiamu iletwe, na uletaji huo hutegemea umbo. Mifereji ya T huingiza utando hadi kina cha seli, ambako chaneli za kalsiamu hukabiliana na vipokezi vya ryanodini, vinavyoachilia kalsiamu ya ghala hilo, ng'ambo ya mwanya wa nanomita 12 hadi 15 hivi. Mwaka 2013, kundi la Anatoli Lopatin huko Michigan, Marekani, lilionyesha katika seli za panya kwamba mifereji hiyo huziba seli inaporudi kwenye ujazo wake, si inapovimba. Chaneli iliyofungiwa ndani ya mfereji uliokatika haipati tena ishara ya umeme ya utando. Vipokezi vilivyo jirani nayo huchelewa, na seli hujikaza bila mpangilio mmoja.

Itasemwa kwamba mimumunyo ya maabara huwa hafifu kuliko chochote kinachoukuta moyo hai. Ni kweli, na kwa hiyo kiwango cha kuziba hakiwezi kuhamishwa kutoka sahanini hadi kifuani. Hata hivyo, mfuatano wenyewe, yaani kuvimba kisha kunywea, unaweza kutokea damu inaporejeshwa. Jaribio linalokoma uvimbe ukiwa kileleni halijapima sehemu yenye madhara, na matokeo yake yasitumiwe kudai kwamba seli imepona.