Boma la Zamani Kando ya Barabara Mpya

Aliyesafiri kwenda Ifakara miaka iliyopita hajasahau vumbi la kiangazi na tope la masika. Hajasahau pia kivuko cha Mto Kilombero, kilichozama Januari 2016. Leo pana daraja la mita 384, lililofunguliwa mwaka 2018, na lami ya kutoka Kidatu imefika.

Lami ikifika, viwanja vya kando hupanda bei. Ofisi za zamani zilizosahauliwa huanza kutamaniwa. Utasikia mtu akisema: bomoa, tujenge maduka!

Kabla ya kushika nyundo, tukumbuke tulikotoka. Katika bonde hili na milima ya Mahenge, boma lilikuwa nyumba ya kodi, kiboko na kazi za shuruti. Ndiyo maana mwishoni mwa Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji, Wapogoro na Wambunga wakiwamo, walilivamia boma la Mahenge. Walipokewa kwa bombomu, wakafa wengi. Waliobaki walilizingira hadi Septemba, alipofika Kapteni Nigmann na askari wake kutoka Iringa.

Iringa hiyo hiyo sasa inatupa funzo. Mwaka 1914 Wajerumani walijenga pale hospitali ya jeshi. Jengo hilo baadaye likawa ofisi za serikali, kwanza ya Mwingereza, kisha ya Taifa huru. Lilipochakaa halikubomolewa. Lilikarabatiwa, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Mtoto wa shule anaingia humo bila woga, akasome habari za wazee wake.

Hatusemi kila ukuta mkuukuu uhifadhiwe. La hasha! Nyumba isiyo na kazi ni chakula cha mchwa. Tunachosema ni kwamba jengo la umma litafutiwe kazi ya umma: maktaba, makumbusho, ofisi safi ya kuhudumia watu.

Na ukarabati usiishie kwenye rangi ya ukuta. Nje ya ofisi kama hizo, chini ya mwembe, yupo mama ntilie, yupo fundi baiskeli. Wamewahudumia wananchi kwa miaka mingi. Je, katika ramani mpya wamechorewa banda, choo na mfereji wa maji ya mvua, au watafukuzwa siku ya uzinduzi?

Boma la mkoloni halikumwuliza mwananchi neno. La kwetu limwulize kwanza, kabla mkataba haujatiwa saini.