Nafasi ya mwananchi katika kuandaa Mpango Kabambe wa mji

Mpango Kabambe ni andiko la kisheria linaloelekeza matumizi ya ardhi ya mji, kwa kawaida kwa miaka 20. Ndilo linaloamua barabara kuu ipite wapi, soko na shule vijengwe wapi, na bonde lipi lisijengwe. Mpango wa Arusha na ule wa Mwanza, yote ya mwaka 2015 hadi 2035, ni mifano yake.

Chini ya Sheria ya Mipangomiji, Na. 8 ya mwaka 2007, mwenye jukumu la kuandaa mpango huo ni mamlaka ya upangaji, yaani halmashauri husika. Halmashauri hutakiwa kuutangazia umma kusudio lake na kukutana na wadau, wakiwemo wamiliki wa ardhi, taasisi na asasi za kijamii. Rasimu huwekwa wazi ipate maoni na pingamizi kabla ya kuidhinishwa na Waziri mwenye dhamana.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa mwenye kiwanja. Mstari wa barabara ukiwa bado ni rasimu, hoja ya wakazi yaweza kuusogeza. Mpango ukishaidhinishwa, vibali vya ujenzi hutolewa kwa kuufuata, na mwananchi ambaye ardhi yake imetwaliwa hubaki na madai ya fidia, ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Fidia, hata ikilipwa kwa wakati, hairudishi ujirani.

Mipango ya zamani haikuandaliwa hivyo. Jiji la Dar es Salaam lilipata mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979, yote kwa mikono ya kampuni za ushauri kutoka nje. Ramani zilikuwa za kitaalamu, lakini makazi yalikua nje ya mistari yake. Mwaka 1992 jiji lilianza kujaribu njia nyingine, ya kuwakutanisha wadau wajadili kero moja moja, kama taka ngumu na maji ya mvua.

Hanna Nassif, Kinondoni, ni mfano unaostahili kukumbukwa. Mtaa huo ulio kando ya bonde la Msimbazi ulikuwa ukifurika kila masika. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wadau wengine, wakazi waliunda kamati yao, wakashiriki kujenga mifereji na barabara kwa ujira, na baadhi waliachia sehemu ya viwanja vyao ili njia ipatikane. Ni vigumu kuamini kwamba ramani iliyochorwa ofisini ingepata ridhaa hiyo.

Pengo linalobaki ni la wapangaji. Mwaliko hulenga zaidi wamiliki, ilhali mpangaji ndiye anayetembea kwenda kisimani, sokoni na kituo cha basi. Mahali pake pa kusema ni mkutano wa mtaa, ambao ni wa wakazi wote watu wazima, wenye hati na wasio nayo.

Rasimu na ramani huulizwa kwa Afisa Mipango Miji wa halmashauri. Pingamizi lenye namba ya kiwanja, jina la mtaa na sababu iliyoandikwa hujibika kwa urahisi kuliko malalamiko ya mdomo.