Namba ya Mwenzio

Jumamosi ya tarehe 11 Januari 1964, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Luther Terry, aliwaita waandishi wa habari mjini Washington na kuwatangazia kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu. Siku ilichaguliwa makusudi. Jumamosi soko la hisa limefungwa, na magazeti ya Jumapili husomwa na wengi. Wakati huo zaidi ya watu wazima 40 katika kila 100 nchini humo walikuwa wavutaji, na Terry mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Historia ya kuacha sigara huwa inaanzia hapo, au inarudi nyuma kidogo hadi London mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha takwimu zao za wagonjwa wa saratani ya mapafu. Ni historia ya madaktari na hesabu zao. Naiheshimu, ila kuna swali ambalo haligusi. Haya, mtu ameshasikia kwamba fegi inaua. Ameamini. Sasa amemaliza kula, kikombe cha kahawa kiko mbele yake, na mkono umeshaanza kupapasa mfuko wa shati bila kutumwa. Afanye nini?

Kati ya waliolishughulikia swali hilo mapema, wawili wananivutia kuliko wote, na wala hawatajwi sana: J. Wayne McFarland, daktari, na Elman Folkenberg, mchungaji. Wote wawili walikuwa Waadventista Wasabato. Huku kwetu Wasabato hawahitaji kutambulishwa. Walifika milima ya Upare mwaka 1903, wakafika Gendia kando ya Ziwa Victoria mwaka 1906, na karibu kila mtaa una jirani ambaye Jumamosi humpati kwa shughuli yoyote. Kanisa lao lilikuwa limeikataa tumbaku tangu karne ya 19, kabla maabara hazijasema neno. Mwaka 1959, Ernst Wynder na Frank Lemon walichapisha uchunguzi wao wa hospitali za California: saratani ya mapafu miongoni mwa Wasabato ilikuwa nadra sana. Kwa hiyo watu ambao wao wenyewe karibu hawavuti ndio walioketi kufikiria mvutaji anapita wapi kuanzia anapoamka mpaka anapolala.

Walichotunga, na kukisambaza miaka ya 1960, kiliitwa Mpango wa Siku Tano. Jioni tano mfululizo, watu walikusanyika ukumbini, shuleni au hospitalini. Daktari alizungumza, kisha mchungaji. Kulikuwa na filamu ya upasuaji wa pafu, ya kutisha kweli. Lakini kitisho hakikuwa kiini chake. Kiini kilikuwa maelekezo madogo madogo, karibu ya kinyumba. Kunywa maji mengi, glasi baada ya glasi. Acha kahawa na pombe kwa siku hizo. Punguza vyakula vya kukaanga na vyenye viungo vikali. Oga maji ya uvuguvugu. Hamu ikikupanda, vuta pumzi ndefu na ujiambie kwamba umechagua kutovuta. Na ukimaliza kula, usikalie kile kiti chako unachokipenda. Inuka, toka nje, tembea.

Hilo la kiti nimelisoma mara nyingi. Halihusu mapafu wala dhambi, linahusu samani. Kuna mtu aliyeelewa kwamba sigara haikai mdomoni tu. Imekaa kwenye kiti, kwenye kikombe, kwenye dakika kumi za baada ya ubwabwa. Wataalamu siku hizi wanaviita vichochezi.

Maelezo ya kisayansi ya jambo hilo yalikuwa yameshapatikana, ila kwa waraibu wa dawa nyingine. Mjini Lexington, Kentucky, serikali ya Marekani ilikuwa imefungua hospitali ya waraibu mwaka 1935, na Abraham Wikler alikuwa mmoja wa madaktari wake. Mwaka 1948 Wikler alieleza jambo lililomshangaza. Wagonjwa waliokaa miezi bila mofini, miili imeshasafika, waliketi kwenye mazungumzo ya kikundi. Maongezi yakigeukia dawa, walianza kupiga miayo, kutokwa na makamasi, kulengwalengwa na machozi. Arosto kamili, na hakuna aliyegusa kitu. Wikler aliona kwamba mwili unaweza kufundishwa arosto, kama mbwa wa Pavlov alivyofundishwa kudondosha mate kwa ishara.

Angalia ilipotokea. Kikundi kilichokusanywa ili watu wasaidiane ndicho kilichowaamshia hamu. Hapo ndipo habari inaponikaba, kwa sababu Mpango wa Siku Tano ulimpa kila mshiriki kitu kimoja ambacho kwa hesabu za Lexington ni hatari: mwenzake. Watu waligawanywa wawili wawili, wakapeana namba za simu. Saa yoyote hamu ikikuzidi, hukumpigia daktari wala mchungaji; ulimpigia mvutaji mwingine, mwenye siku mbili tu kama wewe, mikono inatetemeka kama yako.

Wazo la waraibu kusaidiana halikuwa jipya. Alcoholics Anonymous walianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, mlevi mmoja alipogundua kwamba akiongea na mlevi mwingine, kiu inapungua. Mfano wao umefika mbali. Sober house za Zanzibar, ambako aliyetoka kwenye unga humshika mkono anayetoka, zinafuata hatua zao 12. Ila kuna upande wa hadithi hiyo unaosimuliwa kwa sauti ya chini. Vikao vya walevi vilijaa moshi. Kahawa na sigara ndivyo vilivyoshika nafasi ya chupa. Bill Wilson, mwanzilishi mwenza, aliwasaidia wengi wasife na pombe, na yeye akafa Januari 1971 kwa ugonjwa wa mapafu wa wavutaji. Ilipofika mwaka 1982 ndipo baadhi ya watu wa vikao hivyo, huko California, walipoanzisha vikao vyao vya kuacha sigara, vilivyokuja kuitwa Nicotine Anonymous. Karibu nusu karne watu walikaa pamoja wakiokoana na kitu kimoja huku wakiwashiana kingine.

Na sigara kweli ni ya kuwashiana. Vijiweni Dar, anayeomba kuonja anasema, "Niachie pafu." Pafu ni mvuto mmoja wa moshi, na pafu ni kile kiungo kifuani, sijui lugha nyingine inayomtania mvutaji waziwazi hivi. Sigara yangu ya kwanza sikuinunua, niliachiwa. Rafiki aliyeniachia ndiye niliyekubaliana naye, miaka tisa baadaye, kwamba tunaacha wote siku moja. Hatukuwa na ukumbi wala mchungaji. Tulikuwa na ujumbe mmoja kila siku saa tatu usiku, baada ya chakula.

"Oya, umewasha?"

"Sijawasha, mwanangu. Wewe je?"

"Niko salama."

Basi. Usiku mwingine jibu lilichelewa, na katika dakika hizo za kusubiri nilikuwa naelewa wale watu wa miaka ya 1960 na simu zao za mezani kuliko kitabu chochote kingeweza kunieleza.

Je, Mpango wa Siku Tano ulifanya kazi? Kufikia jioni ya tano wengi walikuwa wameacha. Watafiti waliowafuatilia baadaye walikuta kwamba miezi michache ilitosha kuwarudisha sehemu kubwa yao. Siku tano zinatosha kumpitisha mtu kwenye arosto ya mwili. Hazitoshi kumpatia kijiwe kingine. Naona hapo ndipo mpango ulipokuwa na pengo. Ulimbadilishia mtu kiti kwa wiki moja, kisha ukamrudisha kwa marafiki walewale.

Ushahidi kuhusu marafiki hao ulitoka Framingham, mji wa Massachusetts ambao wakazi wake wamekuwa wakichunguzwa moyo tangu mwaka 1948. Ili wasiwapoteze watu, watumishi wa mradi walimwomba kila mmoja ataje ndugu zake na rafiki anayeweza kujua alipo. Karatasi hizo za kiofisi zilikuja kuwa hazina. Mwaka 2008 Nicholas Christakis na James Fowler walizitumia kuchora mtandao wa watu 12,067, kuanzia 1971 hadi 2003. Mke au mume akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, asilimia 36. Ndugu wa kuzaliwa naye, asilimia 25. Rafiki alimshinda ndugu. Wapo waliokosoa hesabu hizo, wakisema watu wanaofanana huchaguana, kwa hiyo ni vigumu kujua nani kamwambukiza nani. Hoja yao ina uzito. Lakini makundi mazima yalikuwa yakiacha karibu kwa pamoja, na hilo linaonekana kwenye michoro yenyewe.

Michoro hiyo inaonyesha na jambo la pili. Mwaka 1971 wavutaji wako katikati ya mtandao, wamechanganyika na kila mtu. Miaka 30 baadaye wamesukumwa pembezoni, vikundi vidogo vidogo, wengi wao wakijuana wao kwa wao. Walioacha waliondoka na wenzao. Waliobaki wakabakiwa na watu wa kuwashiana tu.

Rafiki yangu alirudi mwezi wa nne. Hakunificha, saa tatu usiku aliandika, "Nimewasha leo, mwanangu," na kesho yake akaandika tena hivyohivyo. Kwa maelekezo ya McFarland na Folkenberg, yeye sasa ni kile kiti: niinuke, nitoke, nitembee. Kwa maelekezo yao hao hao, namba yake ndiyo namba yangu ya kupiga. Kijiweni siendi siku hizi. Ujumbe wa saa tatu nautuma bado, na bado anajibu.