Desturi za Kuazima katika Arusi

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, arusi ya leo huchanganya mambo ya asili mbalimbali. Wazee wa pande mbili hukaa na kuzungumza mahari, kama walivyofanya kabla Wajerumani hawajajenga boma Biharamulo. Pombe ya ndizi au ya mtama hunywewa kwa mirija katika chungu kimoja. Kisha bibi arusi huingia kanisani katika gauni jeupe. Wako watu ambao husifu chungu na kulaumu gauni, wakisema kwamba hiki ni chetu na kile ni cha wageni. Lawama hiyo ina haki yake, maana asiyejua chake hupotea. Lakini kipimo chake si sawa, na historia ya Uskochi yatosha kuonyesha kasoro yake.

Mtu atakaye kupamba arusi kwa desturi za Uskochi hutajiwa mambo matatu. La kwanza ni kilt, vazi la bwana arusi lenye marinda na mistari ya rangi, lifikalo magotini. La pili ni zumari ya kiriba. La tatu ni quaich, kikombe kipana chenye mikono miwili, ambacho maarusi hunywea pamoja. Wengi hudhani kuwa mambo hayo ni ya kale mno. Kumbe kilt fupi ya leo ilianza kujulikana katika karne ya 18 tu; kabla yake watu wa milimani walijifunga shuka ndefu ya sufu. Baada ya uasi wa 1745, sheria ya 1746 iliyapiga marufuku mavazi yao, wala haikuondolewa mpaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, mwandishi Walter Scott, mtu wa bondeni, aliongoza mapokezi yaliyojaa mavazi hayo. Tangu hapo vazi la watu wa milimani, waliokuwa wakidharauliwa, likawa vazi la taifa zima. Hata gauni jeupe si kongwe kwao: lilienea baada ya Malkia Victoria kulivaa katika arusi yake mwaka 1840.

Vazi la Uskochi lilifika hata pwani yetu. Ngoma ya beni ilipostawi Mombasa mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vilishindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa nyimbo. Kimoja kiliitwa Skochi, na wachezaji wake waliiga mavazi ya askari wa Kiskochi. Hawakugeuka Waskochi kwa hayo. Waliazima sura, wakaitia katika shughuli yao wenyewe, yaani mashindano ya mitaa na heshima ya wenye ngoma. Mashindano yalipopoa, beni ilibaki katika maandamano ya arusi, na leo hapana amwonaye mpiga tarumbeta wa Mombasa kuwa mgeni.

Lakini Uskochi ulikuwa na desturi nyingine, nzito kuliko mavazi. Sheria ya 1753 ilipowalazimisha watu wa England kufunga ndoa kanisani, Uskochi iliendelea kukubali ndoa iliyotamkwa mbele ya mashahidi tu. Wapenzi wengi wakakimbilia kijiji cha mpakani, Gretna Green, na ndoa za namna hiyo zilidumu mpaka 1940. Hata mwaka 2006, mahakama za huko ziliweza kuwatambua watu waliokaa pamoja wakijulikana na jamii kuwa mume na mke. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ina fikira inayofanana na hiyo. Huitambua ndoa ya kimila pamoja na ya dini na ya serikali, na waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana kuwa mume na mke hudhaniwa kuwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Basi nguzo ya ndoa, huko na huku, ni ushuhuda wa watu.

Ngara inaijua thamani ya ushuhuda huo, kwa kuwa nayo ni nchi ya mpakani. Bugufi, iliyokuwa chini ya ufalme wa Burundi, iliwekwa upande wa Tanganyika katika mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya 1919. Ramani ilitenga watu ambao lugha zao hukaribiana na ambao jamaa zao walikuwa ng'ambo zote mbili. Katika nchi ya namna hiyo, ndoa ni mkataba wa koo, na chungu kimoja chenye mirija mingi ndicho hati yake.

Kwa hiyo bwana arusi wa Ngara akivaa kilt, au akimkaribisha mpiga zumari ya kiriba, wazee hawana haja ya kufadhaika. Quaich yenyewe ni ndugu wa chungu, maana vyote viwili hukataa mtu kunywa peke yake. La kufadhaisha ni arusi ambayo mapambo yake yametimia, ya kigeni au ya kienyeji, na koo mbili hazikuketi pamoja. Siku mke atakaporudi kwao akilia, gauni halitaitwa kusuluhisha, wala kilt. Wataitwa walioinamia chungu.