Dalali Kujinunulia Ardhi Aliyopewa Auze

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.).

Vijana wengi wa Unguja na Pemba wako bara kwa biashara, na wapo walioingia katika udalali wa viwanja na nyumba huko Geita, Kahama na Shinyanga. Wana leseni, na wanachokipata wanataka kukiweka kwenye ardhi ile ile wanayoiuza. Je, inajuzu?

Udalali ni kazi halali, na kununua ardhi ni halali. Mushkili huanza pale mwenye shamba anapomwambia dalali "niuzie", kisha dalali akalichukua yeye. Huyo ni wakili. Katika madhehebu ya Shafi, wakili wa kuuza hajiuzii nafsi yake wala mwanawe mdogo, hata akiruhusiwa, kwani mtu mmoja hawi muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja. Mahanbali wamejuzisha kwa idhini ya mwenye mali. Kumtanguliza shemeji aandikwe kwenye mkataba ni hila tu.

Akiitaka ardhi, ajivue uwakala kwanza, amweleze mwenyewe waziwazi, asidai kamisheni, na mwenyewe auze kwa bei anayoijua.

Hiyo bei anayoijua ndiyo kiini. Mtume (S.A.W.) alikataza kuwapokea njiani wenye kuleta bidhaa kabla hawajafika sokoni, na aliyeuza hivyo akapewa hiari ya kuvunja mauzo afikapo sokoni. Katika ukanda wa dhahabu, bei ya shamba hupanda kwa habari: barabara itapita, au mgodi utatwaa eneo na kulipa fidia. Dalali anayejua hayo akamnyamazia mkulima aliyemwamini, amefanya khiana. (Habari hugeuka pia: mgodi wa Buzwagi karibu na Kahama ulianza kuzalisha 2009, ukafungwa 2021.)

"Cha juu" nacho kina hukumu yake. Ibn Abbas (R.A.) hakuona ubaya mtu kuambiwa auze kwa kiasi fulani na ziada iwe yake, ingawa wanazuoni wengi wanataka ujira ujulikane. Ziada ya kificho hakuna aliyeihalalisha.

Familia inayomtumia kijana fedha awanunulie kiwanja imemfanya wakili wake. Asiwauzie cha kwake bila kusema. Tena aangalie sheria: ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, haihamishwi bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Na hati ya kiwanja haimpi mtu dhahabu iliyo chini yake, kwani madini yanahitaji leseni yake mbali.

Aliyekwisha kujiuzia kwa siri amrudie mwenye mali, amweleze, na amrudishie ardhi yake. Akiridhia kuuza, wafunge mkataba mpya kwa bei watakayoafikiana sasa, si ile ya zamani.

Wallahu a'lam.