Matuta, Mvua na Haki katika Milima ya Usambara

Mtu apandaye kutoka Lushoto kuelekea Rangwi huona mashamba kwenye miteremko mikali, wala si rahisi kwake kudhani kwamba udongo ule uliwahi kuwa kiini cha mgogoro wa haki. Mwaka 1946 serikali ya Kiingereza ilianza mradi wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, kisha ikaupanua hadi sehemu nyingine za Usambara. Wakulima waliamriwa kuinua matuta ya kuzuia mmomonyoko, na aliyekaidi alishtakiwa katika mahakama za wenyeji na kutozwa faini. Kazi hiyo iliwaelemea hasa wanawake, ambao ndio walioshika jembe siku zote. Wengi, tena, walishuku kwamba ardhi ikishatengenezwa watapewa Wazungu.

Ugumu wa kutetea haki ulianzia katika lugha. Washambaa walikuwa na msamiati wao wa siasa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala mwema huleta mvua. Utawala ukiharibika, njaa huingia. Fikra hiyo haikuwa ngeni. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, anasimulia jinsi Mbegha alivyopata ufalme kwa ridhaa ya watu wa Vugha. Lakini masikioni mwa maofisa wa kilimo, maneno ya mvua na njaa hayakuwa hoja ya haki hata kidogo. Mazumbe wa Kilindi nao walikwama katikati: walilipwa mshahara na serikali, huku raia wakiwatazamia waiponye nchi.

Njia ya kulalamika mbali zaidi ilikuwapo, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea Wameru waliofukuzwa katika ardhi yao mwaka uliotangulia. Alisikilizwa, ardhi haikurudishwa. Usambara, kilichofaa zaidi ni ukaidi wa shambani. TANU, iliyoundwa mwaka 1954, ilivuna wafuasi kutokana na chuki dhidi ya matuta, na mradi ukaachwa kabla ya uhuru.

Uhuru haukuimaliza kazi ya mtetezi. Pengine uliifanya ngumu zaidi, maana sasa hakuwapo mgeni wa kunyooshewa kidole. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na sheria ndogo za kumlazimisha mkulima alime mazao fulani ziliendelea kutumika. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, nazo mahakama zikaweza kuzisimamia kuanzia mwaka 1988.